Sherehe Isiyo na Mwenyewe

Harusi ya Mwanza ina wenyewe. Miezi mitatu kabla ya siku yenyewe kamati imeshaundwa: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, watu wa chakula, watu wa usafiri, watu wa mapambo. Vikao vinakaa kila Jumapili jioni, ahadi zinaandikwa daftarini jina kwa jina, na anayechelewesha mchango anapigiwa simu mpaka anatoa. Ukiuliza keki iko kwa nani, unatajiwa mtu na namba yake ya simu. Utaratibu huu umewasitiri wengi. Ndio unaoiwezesha familia ya kipato cha kawaida kulisha wageni mia tatu na kuagana nao bila aibu.

Siku hizi harusi haiji peke yake. Ina kicheni pati, ina sendofu, na vijana nao wameongeza ya kwao: choma ya ufukweni. Wiki mbili hivi kabla ya ndoa, ndugu na marafiki wa pande zote mbili wanakwenda kando ya ziwa, wanachoma sato na mbuzi, wanapiga muziki, wanafahamiana. Hakuna emsii, hakuna kadi, hakuna meza kuu wala hotuba. Naipenda choma hii na naitetea. Ukumbini, mjomba wa bwana harusi na shangazi wa bibi harusi hupeana mikono, kisha kila mmoja hurudi kwenye meza yake. Penye jiko la mkaa watasimama pamoja saa nzima, huyu anageuza samaki, yule anakata ndimu, na wakiondoka hapo wameshajuana. Kwa gharama ndogo, familia mbili zinaanza kuwa moja.

Kasoro yake ni kwamba, kwa kuwa ni ndogo, haipewi mwenyewe. Hapo ndipo hatari inapoingilia.

Kisa ninachokisimulia nimekitunga, wala hakimhusu mtu yeyote aliye hai au aliyefariki. Lakini kila hatua yake ataitambua mtu yeyote aliyekulia kando ya Ziwa Victoria.

Familia moja ya Nyakato ilikuwa ikimwoza binti. Bwana harusi alitoka Dodoma, yeye na rafiki zake wote watu wa bara kavu, ambao ziwa walikuwa wakiliona dirishani tu wanapokuja kikazi. Kamati ilikuwa imara. Mweka hazina alikuwa mama mkubwa wa bibi harusi, mwalimu mstaafu, ambaye daftari lake halikuwa na mstari uliofutwa. Katika kikao cha nane ajenda zote zilikwisha: ukumbi, chakula, gari la maharusi, sare za wasimamizi. Ikabaki ile ajenda ya mwisho ya kila kikao, “mengineyo”. Hapo kaka mmoja akasimama, akasema vijana wamepanga choma ya ufukweni upande wa Igombe, Jumamosi ya kwanza ya Novemba, na wazee wote wanakaribishwa.

Watu wakapiga makofi. Shangazi wa bibi harusi, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, akauliza, “Na nani atasimamia?”

“Shangazi, ni choma tu,” kaka akajibu. “Vijana wenyewe tutajipanga.”

Mwenyekiti akatazama saa, akaomba mtu afunge kwa sala. Choma ikawa imepita kwa dakika mbili, bila jina la mtu, bila bajeti, bila mstari hata mmoja daftarini.

Mipango ikahamia kwenye kundi la WhatsApp. Humo kila mtu alikuwa mchangamfu. Aliyeuliza habari ya usafiri alijibiwa kwamba kuna kosta. Aliyeuliza vinywaji aliambiwa asihofu. Mmoja akaandika, “Mkaa upo,” na chini yake vidole gumba kumi na tano vikainuka. Hakuna aliyeuliza uko wapi, uko kwa nani, na umenunuliwa na nani. Aliyeandika ujumbe ule alikuwa amesikia kwa mwenzake. Mwenzake alidhani wenye ufukwe wanauza. Wengine wote walimwamini aliyeandika.

Mtu mmoja alifanya kazi yake sawasawa: mdogo wake bibi harusi, kitindamimba wa nyumba ile, kijana wa miaka kumi na tisa. Aliahidi samaki, na siku ya Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi alikuwa Mwaloni, Kirumba, kabla jua halijachoma. Hakununua kwa macho tu. Kila sato aliyemshika alimfunua mashavu kuona kama wekundu wake bado mbichi, akambonyeza ubavuni kwa kidole gumba kuona kama nyama inarudi, akatazama jicho kama halijaingia ukungu. Waliochoka aliwaacha pale pale, hata muuzaji alipopunguza bei. Akawaparua magamba, akawapasua, akawapanga ndani ya deli, barafu chini na barafu juu. Saa tatu alikuwa nyumbani Nyakato, deli limefungwa, ndimu na pilipili zimo kwenye mfuko pembeni.

Safari ilipangwa saa nne. Lakini dereva wa kosta alikuwa anangoja malipo ya awali, na aliyekuwa na pesa alikuwa saluni, simu imeisha chaji. Kosta iliondoka saa saba. Ilipofika ufukweni ilikuwa saa nane imepita, jua kali, barafu ndani ya deli imeanza kuwa maji, na watu arobaini hawajatia kitu tumboni tangu chai ya asubuhi. Jiko likashushwa, wavu ukawekwa, mtu akaita, “Leteni mkaa!”

Watu wakatazamana.

Hapo walikuwa bado hawajaharibikiwa. Mtu mwenye mamlaka angeweza kusema: bodaboda mmoja aende barabarani atafute mkaa, au tuwapeleke samaki nyumbani tukawakaange, au tule ndizi na mikate tuliyo nayo na choma tuiahirishe. Lakini mwenye mamlaka hakuwepo. Kila mtu alikuwa mgeni katika sherehe ya wenzake. Basi ikawa mabishano: huyu ananuna, yule anacheka, wa tatu amefungua kreti la bia kwa kuwa hakuna kingine cha kufanya. Bia ile iliingia katika matumbo matupu.

Saa kumi kasoro mtu akasema kwamba mwalo wa pili, ng'ambo ya ghuba ndogo, wanauza mkaa. Kwa barabara ni mzunguko mrefu. Kwa mtumbwi ni kukatiza tu. Kulikuwa na kijana mwenye mtumbwi pale ufukweni, akasema wazi: watu sita, wasizidi. Kitindamimba akajitolea kwenda, kwa sababu samaki walikuwa dhamana yake na alikuwa akiona wanaharibika. Rafiki wawili wa bwana harusi wakasema hawajawahi kupanda mtumbwi maishani, nao wanakwenda. Dada wawili wakataka picha. Kisha wengine. Mwenye mtumbwi akakataa, akaongezewa pesa, akanyamaza. Boya hata moja halikuwemo.

Mzee mmoja mvuvi alikuwa ameketi juu ya jiwe akishona nyavu. “Mwadila,” aliwasalimu. Wakaitikia. Akanyoosha kidole kaskazini, upande wa Ukerewe, ambako mbingu ilikuwa imeanza kuwa nyeusi chini, karibu na maji. “Wanangu, wingu lile halingoji mtu. Kama mnakwenda, nendeni wachache, mrudi upesi.” Wakamshukuru kwa heshima zote. Hakuna aliyeshuka.

Kwenda walikwenda salama, na huko ndiko kulikowapa moyo. Walipata mkaa, gunia zima, wakaliweka katikati ya mtumbwi. Kwa hiyo mtumbwi uliokwenda mzito ulirudi mzito zaidi, na upepo ulikuwa umeshafika. Mtu asiyelijua ziwa hudhani maji yasiyo na chumvi ni maji ya upole. Upepo unaotangulia mvua za vuli unaweza kuyainua katika muda wa kuvuta sigara moja, nayo yakainuka mafupi na ya karibu karibu, wimbi halijapita jingine limefika. Maji yakaanza kuingia. Wakachota kwa chupa walizokuwa wamekunywa.

Walifika hatua ya kuwatambua kwa sura watu waliosimama ufukweni. Bibi harusi alikuwa akiwapungia kitambaa. Ndani ya mtumbwi wakaona wamefika, na watatu wakasimama upande mmoja kupunga. Mtumbwi ukalala.

Kitindamimba alijua kuogelea. Waliokuwa karibu naye hawakujua, na mtu anayezama hushika chochote kilicho karibu kwa nguvu zake zote. Vijana wa ufukweni wakajitupa majini mikono mitupu, wawili kati yao nao wakahitaji kuokolewa. Wavuvi walisukuma mitumbwi yao, wakawatoa watu mmoja mmoja, wakawalaza mchangani. Ndipo likaulizwa swali: walikuwa wangapi?

Mmoja akasema tisa. Mwingine akasema kumi na mmoja. Mwenye mtumbwi alisema kumi, kisha akasema hajui. Dakika zikapita watu wakihesabu majina kwa vidole, wakirudia, wakisahau, mpaka bibi harusi alipouliza kwa sauti ndogo mdogo wake yuko wapi.

Usiku ule wavuvi wa dagaa waliacha riziki yao. Badala ya kwenda kwenye maji ya kina, walizungusha mitumbwi yao ndani ya ghuba na taa zao zikiangaza maji, na alfajiri wakampata.

Turubai lililokuwa limelipiwa kwa ajili ya sendofu likafungwa uani kwa ajili ya msiba. Sufuria zilizokodiwa kwa pilau ya harusi zikapikia waombolezaji. Mama mkubwa akafungua ukurasa mpya katika daftari lile lile la michango, akaandika juu yake kwa mwandiko wake wa kialimu: Rambirambi. Majina yaliyofuata yalikuwa karibu yale yale.

Siku ya tatu, jamaa mmoja alisimama kuwafariji wafiwa, akasema kama tusemavyo sote: ajali haina kinga, na kazi ya Mungu haina makosa. Watu wakaitikia. Shangazi, yule wa mlangoni, akasubiri amalize. Kisha akasema, “Mungu tusimsingizie mkaa tuliousahau sisi.”

Ndilo neno ambalo kisa hiki kimetungwa ili kulisema. Tukirudi nyuma tangu mtumbwi ulipopinduka, hatua kwa hatua, tunawakuta watu kama kumi waliopanda penye nafasi ya sita. Walipanda kwa sababu walikuwa wamechoshwa na jua, wana bia tumboni na hawana kazi. Walikuwa hivyo kwa sababu chakula kilichelewa. Chakula kilichelewa kwa sababu mkaa haukuwepo. Mkaa haukuwepo kwa sababu ulikuwa wa wote, na kilicho cha wote hakuna anayekiangalia. Hakuna hata mmoja katika safari ile aliyekuwa mtu mbaya. Wote walipendana, na ndiyo maana kila mmoja aliamini kwamba mwenzake ameshafanya.

Wahenga walituonya kuhusu manahodha wengi. Chombo chao huenda mrama. Chombo kisicho na nahodha hata mmoja hakina hata huo mrama, kinakwenda kokote upepo unakotaka.

Na Mwanza hatuhitaji hadithi ya kutunga ili tuamini. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, ikitoka Bukoba kupitia Kemondo, ilizama asubuhi ikiwa imekaribia Mwanza. Makaburi ya waliopatikana yako Igoma, na watu bado huenda kuwaombea kila Mei. Idadi ya waliokufa mpaka leo hutajwa kwa takwimu zinazotofautiana, hata iliyo ndogo ni ya mamia. Tarehe 20 Septemba 2018, Alhamisi ya gulio, kivuko cha MV Nyerere kilitoka Bugolora, Ukerewe, kwenda Bwisya katika kisiwa cha Ukara. Kilijengwa kubeba abiria 101. Siku ile kilibeba wengi kupita kiasi hicho, na kilipinduka karibu kabisa na gati, watu wa nchi kavu wakikitazama. Waliookolewa walikuwa 41, waliokufa walizidi 220, na taifa likaomboleza siku nne. Mwishoni mwa Julai 2023, wilayani Bunda, mkoa wa Mara, watu waliotoka kanisani walipanda mitumbwi kurudi makwao, ikazama, na zaidi ya kumi hawakufika.

Meli, kivuko na mtumbwi si vyombo vya aina moja. Lakini katika Ukara kama katika kisa changu, chombo kilibeba kuliko kilivyotengenezwa kubeba, na kilipinduka pale ambapo kila mtu alidhani safari imekwisha. Na katika misiba hii mikubwa kama katika ule wa kutunga, lilizuka swali lile lile, walikuwa wangapi, na jibu halikupatikana upesi. Wale wa Bugolora walikuwa wanatoka kununua na kuuza, wale wa Bunda wanatoka kusali. Hakuna aliyekuwa akitafuta hatari. Sisi tunaokwenda ufukweni kula na kucheka, ambao hata hatulazimiki kuvuka, tuna udhuru gani?

Basi tuseme jinsi choma inavyopangwa, ili ibaki furaha.

Kwanza, itolewe kwenye “mengineyo”. Iwe ajenda yenye namba, na ipewe msimamizi mmoja ambaye neno lake la mwisho ni la mwisho. Si lazima awe mzee. Lazima awe mtu anayeweza kumwambia shemeji yake “hapana” na shemeji akamsikia. Wazee wamtangaze mbele ya kikao, ili siku ile vijana wajue kwamba anayemkatalia amewakatalia wazee.

Pili, kila kitu kiwe na mstari wake daftarini: kitu, jina, saa. Neno “upo” lisikubaliwe mpaka msimamizi ameuona mkaa kwa macho yake Ijumaa jioni, gunia limefungwa, kiberiti na mafuta ya kuwashia yako juu yake. Vivyo hivyo jiko, wavu, visu, sahani, maji safi ya kunywa na ya kunawa. Kosta ilipwe siku moja kabla. Mwenye fedha asiwe mtu wa kutafutwa.

Tatu, moto uwashwe mapema. Mkaa unahitaji kama nusu saa, wakati mwingine zaidi, mpaka moshi uishe na makaa yavae majivu meupe. Kabla ya hapo samaki ataungua ngozi na kubaki mbichi kwenye mfupa. Sato wakae ndani ya barafu mpaka dakika ya kuwekwa wavuni. Barafu ikiyeyuka, maji yamwagwe na barafu mpya iwekwe. Sinia lililobeba samaki wabichi lisipokee walioiva. Aliyeiva aliwe moto moto, na kwa joto la mchana wa Mwanza chakula kilichopikwa kisizidi saa mbili nje. Na bia zisifunguliwe kabla ya sahani ya kwanza. Sheria hiyo moja ingetosha kubadilisha mwisho wa kisa changu.

Nne, mahali pachaguliwe kwa kuuliza. Viongozi wa mtaa na wa mwalo wanajua palipo na mamba au kiboko, na palipo na mawe yaliyojificha chini ya maji. Sehemu za maji mafupi yaliyotulia, yenye matete na majani, ndizo wanazopenda konokono wanaosambaza kichocho, ugonjwa ambao kandokando ya ziwa letu bado ni mzigo mzito. Watoto wasiachwe wakaoga humo kwa sababu tu wazazi wako kwenye samaki. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inalinda ukanda wa mita 60 kutoka ufukweni dhidi ya shughuli zinazoharibu mazingira. Kwa hiyo jiko likae nyuma, matumbo ya samaki yasitupwe majini, na chupa na mifuko irudi mjini pamoja na wageni.

Tano, ziwa. Kama hakuna sababu ya kupanda mtumbwi, usipandwe. Mandhari inaonekana vizuri hata ukiwa umekaa. Kama kamati imeamua kwamba wageni watazungushwa majini, basi ipangwe kama sehemu ya sherehe: chombo kilichosajiliwa, asubuhi kabla ya upepo, baada ya kusikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, boya kwa kila abiria na likiwa limevaliwa, mtoto boya la mtoto. Mwenye chombo akisema sita, wawe sita, na msimamizi asimruhusu mtu yeyote kumwongeza pesa ili abadilishe hesabu. Wote wakae chini mpaka mtumbwi umegusa mchanga. Mvuvi wa pale akionyesha wingu, safari ife hapo hapo, bila mjadala.

Ufukweni pawepo kamba ndefu na dumu tupu la lita 20 lililofungwa kizibo. Mtu anayezama hutupiwa dumu, akalikumbatia, akavutwa. Anayemfuata mikono mitupu bila mafunzo mara nyingi huongeza idadi ya wanaozama. Namba ya Zimamoto na Uokoaji, 114, iwe imeshahifadhiwa kwenye simu ya msimamizi, na simu yenyewe iwe na chaji.

Sita, saa ya kurudi iandikwe pamoja na saa ya kwenda. Dereva ale, asinywe. Gari liondoke kungali na mwanga.

Najua kuna watakaosema kwamba tukifanya yote haya choma itageuka kuwa kikao. Naona kinyume chake. Mtu anayejua mkaa upo kweli, samaki wako kwenye barafu na watoto wana mtu wa kuwaangalia ndiye anayeweza kukaa chini, akavua viatu, akala kwa mikono miwili. Aliyeachiwa mambo yajipange yenyewe hapumziki. Siku nzima anaulizia kiberiti. Uhuru wa vijana wetu siku ile unatengenezwa jana yake, na watu wachache waliokubali kubeba jina.

Na wale wawili wanaooana wanastahili hilo. Ndoa nayo ina vitu vingi ambavyo kila mmoja atadhani mwenzake ameshavishughulikia: kodi ya nyumba, ada, dawa ya mama mkwe. Hawatapata somo bora la namna ya kugawana mizigo kuliko kuona ndugu zao wakigawana mzigo mdogo wa Jumamosi moja, kwa uwazi na kwa upendo.

Basi katika kikao kijacho, kabla mtu hajaombwa kufunga kwa sala, katibu aandike choma kwenye ukurasa wake. Mbele ya kila kitu aweke jina moja, si mawili. Na jina la mwisho kwenye ukurasa huo liwe la mtu atakayesimama mlangoni mwa kosta jioni, daftari mkononi, akiwahesabu watu wanaopanda mpaka idadi ilingane na ya waliokuja.